Mwezi Uitwao Sikitu

Zama hizo gimba lolote la angani lisilobeba jina la mtu aliye hai lilikuwa halali ya wachimbaji. Bi Mgeni, mwanafalaki, alikuwa amegundua mwezi mdogo wenye uhai chini ya barafu. Aliuchora kwa hina viganjani mwa mkwewe mjamzito, ufa baada ya ufa, na kadiri alivyouchora ndivyo alivyozidi kukataa uchimbwe.

Mtoto alipotimiza siku saba na kunyolewa, Bi Mgeni, kwa haki ya bibi mzaa baba, akataja jina: Sikitu.

"Mama," mkwewe alinong'ona, "hilo si jina wapewalo watoto wa wazazi wanaofiwa kila mara, ili kifo kiwadharau?"

"Ndilo. Na mwezi wangu nao unaitwa hivyo hivyo."

Haukupita muda, mjumbe wa wachimbaji akaja na kopo la maziwa. "Mjukuu hajambo? Hakohoi?"

"Hajambo. Na kila mtoto anayezaliwa mtaani hapa sasa anaitwa Sikitu. Nenda ukawaulizie wote."

Mjumbe aliondoka akitabasamu. Bi Mgeni aliyamwaga maziwa chooni, kisha akakisogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha.