Picha Tisa za Chigusa

Mbwa alikuwa ameondoka na mkono wa maiti. Munetoki alimrushia jiwe akamkosa, kisha akageukia bega lililobaki, akachovya brashi katika rangi nyekundu huku akitema mate.

Uwanja wa Toribe ulikuwa wa wasio na kitu. Wenye uwezo mjini wakifa walichomwa kwa kuni na dua. Maskini walilazwa hapa juu ya mikeka, kunguru wakamaliza kazi. Harufu ilikuwa nzito, karibu uitafune.

"We mzee!" aliita Otoku, mama aliyekuwa akiokota mikeka ya maiti, akiifua na kuiuza tena. "Kama ni kutapika, tapika kule. Hiyo mikeka yangu."

"Niache."

Otoku akachungulia karatasi. "Funza umewatendea haki, wamenona. Lakini mbona umempa meno yote?"

"Ndivyo yalivyo."

"Haya, bwana. Wewe ndiye fundi." Akaenda zake akicheka.

Picha ziliagizwa na Jitsuen, mkuu wa hekalu la mlimani. Ilikuwa desturi ya kale: mtawa aliyezidiwa na tamaa huwekewa picha tisa za mwanamke, kutoka uzuri wake hadi mifupa, azitazame mpaka moyo ukinai. Safari hii aliyezidiwa alikuwa Ryokei, kijana aliyelelewa ili arithi kiti cha Jitsuen. Alikwishatangaza kwamba anavua joho amwoe Chigusa, binti wa Munetoki mwenyewe. Kisha habari zikapanda mlimani kwamba homa imemuua Chigusa. Tangu hapo Ryokei hali, hasali, analia tu.

"Na bado hajasema kwamba anabaki," Jitsuen alimwambia mchoraji. "Habari ya kifo peke yake haitoshi. Chora, Munetoki. Usimhurumie."

Hakumhurumia. Picha zilipotundikwa hekaluni, watawa wawili walitoka nje wameziba midomo. Katika ya kwanza Chigusa alikuwa anacheka, nywele zimemwagika mabegani. Katika zilizofuata uso ule ule ulipiga buluu, ukavimba, ukapasuka, ukatiririka.

"Unaona nini?" Jitsuen aliuliza.

"Namwona Chigusa," alisema Ryokei.

"Usaha huu ndio uliotaka kulala nao?"

"Namwona Chigusa, Mwalimu."

Akaisogelea picha ya funza, akaanza kuwapangusa kwa kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo. Munetoki akatazama pembeni. Afadhali kijana angetapika kama wenzake.

Ryokei akamgeukia. "Baba." Hakuwahi kumwita hivyo. "Mifupa yake iko wapi? Nipeleke nikamsitiri."

Munetoki akamtazama Jitsuen. Jitsuen akaitikia kwa kichwa, polepole.

Wakashuka Toribe. Ryokei alipiga magoti kwenye uchafu, akaokota mfupa mmoja mmoja, akapuliza sisimizi, akaweka kwenye joho lake. Alipofika kwenye fuvu alilipapasa kwa vidole vyote.

"Hata meno wamemng'oa," alisema, akalibusu.

Munetoki akageuka, akatapika juu ya viatu vyake. Siku zote alizokaa pale na nzi wakimtembelea midomoni, hakuwahi kutapika namna ile.

"Pole, Baba," Ryokei alisema, akimshika mgongo kwa mkono wenye vumbi la mifupa. "Umeubeba mzigo huu peke yako. Sasa pumzika. Sitaondoka tena mlimani. Nitamzika chini ya dirisha langu, nimwombee kila asubuhi mpaka na mimi nife."

Jitsuen, aliyesimama mbali ameziba pua kwa shela ya hariri, alitabasamu.

Munetoki hakuaga. Aliingia mtoni na nguo zake, akajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka, lakini bado alijinusa. Kisha akavuka kilima hadi kijijini kwa dada yake. Alikuwa hajavua viatu mlango ulipofunguliwa.

"Baba, mbona umelowa hivyo?" Chigusa aliuliza, akimvuta ndani. "Na Ryokei umemwona? Amesema anakuja lini kunichukua?"