Baada ya Nzuri

Kila asubuhi mlango wa nyumba yetu hutujulia hali kabla ya kufunguka. "Habari za nyumbani?" Unapima sauti, si maneno. Ukijibu "nzuri" kinyonge, gari la Idara ya Utulivu linakuja kukuchukua.

Mume wangu Shaibu walimchukua tulipomzika mama yake. Amerudi amenenepa, anacheka, anamaliza kila ninachompakulia. Akisema "nzuri", mlango unafunguka papo hapo. Lakini Shaibu wangu hakuwa anaishia hapo. Ilikuwa "nzuri, ila mgongo". "Nzuri, ila mama hajalala". Tangu arudi sijaisikia hiyo "ila" yake, na huwa namtazama akila, nikijiuliza wamenirudishia nani.

Leo nilijibu mimi, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Mlango ukafunguka. Shaibu akanishika mkono.

"Ila nini, mke wangu?" akaniuliza kwa kunong'ona.

Nikamwangalia, kisha nikauangalia mlango. Nani alikuwa anauliza?

"Ila hakuna," nikasema, nikatabasamu.

Akaniachia mkono. Akaketi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, chai yake ikapoa bila kuguswa.