Sange na Mwenzake

Nilipofunua sahani ya mume wangu asubuhi ile, wali ulikuwa haujaguswa. Mchuzi ulikuwa umeganda, umefanya utando juu.

Yeye hufanya kazi usiku, mimi mchana. Akirudi alfajiri, sisi tukiwa bado tumelala, hula, huosha sahani yake, hulala chumba cha nyuma. Tunapishana kama walinzi wa zamu. Jana pia sahani ilibaki hivihivi, nikadhani ameshiba hukohuko kazini.

Binti yetu alikuwa mezani na kitabu chake cha wanyama.

“Mama, sange ni mdogo kama panya, lakini pua yake ni kama mkonga. Dume na jike wanakaa eneo moja maisha yote, ila kila mtu kivyake. Na njia zao wanazifagia kwa miguu!”

“Waje wamfundishe mtu hapa. Kunywa chai.”

“Sasa mmoja akiondoka, mwenzake anajuaje?”

Nilitazama mlangoni. Kandambili za baba yake, anazovaa kila akirudi kazini, zilikuwa palepale nilipozisukuma kwa ufagio juzi, zimeshika vumbi.

“Anachelewa kujua,” nilisema. “Vaa viatu.”

Nikamwaga ule wali, nikaosha sahani, nikaiegemeza pale anapoiegemeza yeye.