Alama ya Kutoa

"Profesa, hapa ilipaswa kuwa kutoa, siyo kujumlisha," mwanafunzi wake alisema kwa woga.

Profesa Halvorsen alikagua hesabu ubaoni. Kweli. Nadharia iliyomjengea jina katika uchumi Marekani nzima ilikuwa imesimama juu ya kosa. Alingoja moyo umlipuke, lakini haukulipuka. Alitazama tu vumbi la chaki lililoganda kwenye vidole vyake.

Ukumbini chini, watu walikuwa wakiingia kusikiliza hotuba yake ya kustaafu.

"Hakuna mwingine anayejua," msichana alinong'ona. "Naweza kunyamaza."

"Unyamaze ili iweje?" Alimkabidhi chaki. "Twende, binti. Leo utahutubu wewe. Mimi nitakaa mbele nikusikilize."