Mstari wa Kukata Kulia

Siku hizi gari, kwa kuwa linajiendesha lenyewe, halikati kona isiyochorwa kwenye ramani ya pamoja, hata abiria abembeleze vipi. Tumpe ndiye aliyeichora njia panda ya mtaani kwao, mistari kumi na mmoja, akasahau mmoja tu: wa kukata kulia kuingia kwake. Kuuongeza kunataka idhini ya majirani wote.

“Subiri kidogo, mwanangu,” alisema jirani yake, Mama Sekela. “Tangu magari yaache kukata huku, vumbi limepungua.”

Basi Ambakisye, mume wa Tumpe, hupelekwa mpaka kituo cha mbele, akarudi kwa miguu. Mwezi wa kwanza alifika akilalamika. Wa pili alichelewa, wala hakulalamika. Jana Tumpe alimpakulia ugali; akanawa, akamega tonge moja kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine.