Vinyago vya Mtunda

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Siku ile Kibiti mgeni alikuja, na mwenyeji akatakiwa apige magoti.

Memsahibu alikaa kwenye kiti cha liwali. Liwali Abbasi mwenyewe alijibana kwenye benchi, pembeni. Miguuni pa memsahibu palikuwa na kasha lililojaa vigae vya udongo.

"Binti, jambo lenyewe jepesi," liwali alisema. "Sema 'nisamehe,' panda gari, rudi chuoni Dar es Salaam. Ukikataa, ualimu utausikia kwa wenzako. Chuo kimeshasema."

Sikudhani alisimama peke yake katikati ya baraza, akisugua kovu la zamani lililokata dole gumba lake. Gauni la chuo lilikuwa bado limenyooka pasi. Alibakiza muhula mmoja tu awe mwalimu.

Waliojazana uani walimjibia.

"Mji umempanda kichwani!" alipaza sauti mwanamke mmoja wa Mtunda. "Alikwenda kusoma au kutazama picha?"

Kutazama picha alikwenda kweli. Kila Jumamosi yenye maonyesho, Sikudhani alivaa viatu vyake vya pekee akatembea kutoka bwenini hadi ukumbini, mjini. Alipenda harufu ya rangi ambayo haijakauka vizuri. Alipenda kuwasikia wachoraji wakibishana mbele ya kazi zao mpaka chai inawapoa mikononi. Kulikuwa na picha moja ya mikoko, mizizi yake myekundu kama mishipa ya damu, aliyoirudia mara nyingi mpaka mlinzi akamtania, "Dada, inunue basi, au ikupose."

Mle ndani hakuna aliyemwambia akae wapi. Nyumbani Mtunda, kwenye ngoma za wanawake, alikalishwa na watoto nyuma ya pazia, hata baada ya kuingia chuo. "Huko mwalimu," shangazi zake walimcheka, "hapa bado mtoto."

Jumamosi iliyopita maonyesho yalikuwa ya memsahibu huyu. Michoro yake ilijaa ukutani. Katikati ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, vilisimama vinyago vidogo vya udongo alivyovipata katika safari zake za Rufiji. Wanaume wenye tai walivizunguka, glasi mkononi.

"Huyu alichukua kimoja, akageuza, akatazama chini yake," memsahibu alieleza, kwa Kiswahili chake cha kumwamrisha mpishi. "Mimi nilifurahi. Nilisema, huyu anapenda sanaa. Halafu alivua viatu! Aliweka vyote chini, akavunja kwa mguu. Kimoja, kingine, kingine. Pole pole. Na anaimba!"

"Wazimu," mtu akanong'ona.

Liwali alikohoa. "Sikiliza, binti. Kama ni mambo ya unyago, sema. Vitu vya ndani vimetazamwa na wanaume, ukaona haya. Hilo tutalielewa. Sema hivyo, kisha omba radhi."

"Sikuona haya," alisema Sikudhani.

"Basi ulifanya nini?"

Sikudhani alilitazama kasha la vigae.

Hapo akaitwa Bi Mwanaharusi, kungwi wa Mtunda, dada wa baba yake Sikudhani. Ndiye aliyempa memsahibu vinyago vile. Alikuja na kanga mpya iliyokuwa bado inanukia duka, na hakumtazama mtoto wa kaka yake.

"Vinyago vya unyago havitoki nje, liwali, nakiri," alisema. "Msichana huvifinyanga mwenyewe, akavitia alama ya dole gumba lake chini. Ngoma ikiisha huvivunja kwa kisigino kitupu, ndipo tunamtoa ndani akahesabiwa mtu mzima. Asipovivunja, hata aote mvi ni mtoto tu, wala hana neno mbele ya wakubwa. Lakini hivi vilikuwa yatima. Mwenyewe alichukuliwa na mafuriko kabla ya ngoma kuisha, Mungu amrehemu. Nani angevivunja? Memsahibu akavitaka, nikampa."

Wanawake wa Mtunda walitazamana. Hakuna aliyesema amina.

"Umesikia?" liwali akamgeukia Sikudhani. "Umevunja ukumbusho wa marehemu. Kwa memsahibu umekosa, kwa maiti umekosa. Haya, piga magoti."

"Na afanye haraka," Bi Mwanaharusi akadakia. "Mtoto hajibizani na kungwi."

Sikudhani aliinama. Memsahibu akajiweka sawa kitini, akanyoosha sketi yake, akangoja. Lakini magoti hayakugusa sakafu. Mkono wa msichana uliingia ndani ya kasha, ukapekua, ukatoka na kigae kimoja, kitako cha kinyago. Alikigeuza ili baraza yote ikione. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba dogo, na mstari umelikata katikati.

"Shangazi," alisema, "mimi uliniambia maji yamechukua vinyago. Liwali unamwambia yamemchukua mwenyewe."

Akabandika dole gumba lake juu ya alama ile. Dole lilikuwa limeizidi, lakini kovu na mstari vilikutana.

"Marehemu ni mimi. Siombi radhi."