Watazamaji Wanne wa Bibi Hadithi

Mzee alizipanga simu nne mezani, akaziwasha moja moja. Moja ilikuwa yake. Moja ya zamani, kioo kimepasuka. Mbili aliziazima kwa fundi simu.

"Za nini zote hizi, mzee wangu?" fundi alimuuliza jana.

"Za wajukuu. Wako wanne."

"Si waje wenyewe wazichukue!"

"Wako mbali," mzee akajibu, akazitia zote mbili mfukoni.

Walikuwa mbali kweli. Likizo zote za nyuma walijazana kwake, wakavunja vikombe, wakaruka juu ya kitanda mpaka chaga zikakatika. Mwezi wa nne akamfokea mama yao, binti yake wa pekee, kwa jambo ambalo sasa hata halikumbuki vizuri. Akamwambia asikanyage tena pale. Hasira hasara. Binti akabeba wanawe, akaenda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsemesha mzee nyumbani mwake, hata salamu.

Likizo hii ilipoanza, Bibi Hadithi akatokea mtandaoni. Kila siku saa nne asubuhi, mubashara, bure kabisa, familia zote karibuni. Hakuwa na mbwembwe: kiti, pazia la kijani, miwani, na ile sauti. Lakini watoto wa siku hizi na katuni zao, nani amtazame ajuza? Siku ya kwanza alipata mtazamaji mmoja. Siku ya pili, huyo huyo mmoja.

"Kesho wasipofika wanne nafunga," alisema jana. "Siwezi kuusimulia ukuta."

Mzee alikesha. Sauti ile ikizimika, atasikia nini tena kutwa nzima? Upweke ulikuwa umemchosha, jamani, hakuna cha kuficha.

Saa nne ilipogonga alijifungia chumba cha nyuma, akachomeka spika za masikioni asije akasikika. Kioo kikaandika: watazamaji wanne. Bibi Hadithi alihesabu mara mbili, akatabasamu kidogo.

"Haya, tusalimiane kwanza. Niandikieni."

Mzee alikuwa karani wa posta miaka thelathini na miwili, na wasiojua kuandika aliwaandikia barua zao. Vidole vikahama mbio, simu hadi simu, kila moja na jina lake. Bibi Hadithi akawa anasoma kwa sauti.

"Kipepeo anasema: 'Shikamoo Bibi. Natumai u mzima wa afya. Ama sisi huku hatujambo.' Marahaba, mwanangu. Kitumbo naye: 'Shikamoo Bibi. Baada ya salamu, napenda kukujulisha kwamba nami nipo.' Ala! Kitumbo, una miaka mingapi?"

Mzee akaandika: Sita.

"Miaka sita, na barua kama ya mahakamani!" Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kicheko kile kilimfanya mzee afute macho kwa kiganja.

Kipanga naye akasalimu, vile vile kwa adabu zote. Ikabaki simu iliyopasuka. Hiyo aliiandikia polepole, akafuta, akaandika tena.

"Dhumuni la ujumbe huu ni kukuomba usifunge. Huku kwetu hakuna anayetusemesha. Kosa ni la babu na babu anajua. Jana amepeleka barua posta, kumwomba mama radhi."

Huo Bibi Hadithi aliusoma kimya kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa, akaivua tena. Hadithi ya siku hiyo haikuanza.

"Sifungi," akasema hatimaye. Akainama karibu na kamera. "Ila nyinyi wanne, mwambieni babu yenu afungue huo mlango wa chumba cha nyuma, atoke. Chai nimeshamwekea mezani, inapoa."